Mchele wa Pakistan na mto Indus: ati mto waweza kufungwa?

MamaBiriani_Malindi

Assalam aleikum wana jamvi. Mimi napika biriani na pilau za harusi na za hitima hapa Malindi, na mchele wangu siku zote ni ule mrefu wa Pakistan, maanake ukikaa sufuriani haushikani, hata mgeni wa mwisho akija saa tisa anakuta punje mojamoja. Sasa juzi dukani ninapochukulia magunia mwenye duka ananiambia mama nunua mapema, India yataka kuufunga mto wa Pakistan na mpunga utakauka shambani. Nikamwambia wacha kunitisha, mto wafungwaje, kwani bomba hilo? Akashikilia kwamba kuna mkataba umesimamishwa. Nimerudi nyumbani nimeuliza wanangu, mmoja asema mto ni Ganges, mwengine asema Ganges uko India, wakaanza kubishana wao kwa wao na mimi nikabaki na swali langu. Mnaojua jografia nielezeni taratibu, huo mto ni upi, watoka wapi wapita wapi, na ni kweli mtu aweza kuuzuia? Na mchele utapanda ama hautapanda? Siasa za dini sitaki hapa tafadhali.

kijana_wa_Maweni

Mchele utapanda hata mto usipofungwa 😂 wenye maduka hawakosi sababu. Mwaka huu mto, mwaka ujao dola, mwaka wa tatu meli imekwama. Nunua magunia yako mama.

Mwalimu_Mstaafu

Waaleikum salaam dada. Nimefundisha jografia miaka mingi hapa Malindi kwa hivyo nivumilie, nitaandika kirefu.

Mto wenyewe ni Indus. Ganges ni mwengine, ule washuka kuelekea mashariki mpaka Bangladesh, huu wa kwako waelekea magharibi na kuishia bahari ya Arabuni, bahari yetu hii hii tu ukifuata pwani kwenda juu. Chimbuko lake liko Tibet, upande wa China, karibu na mlima Kailash na ziwa Manasarovar. Hapo pana ajabu yake, maana Indus, Sutlej na Brahmaputra yote inaanzia kitongoji hicho hicho halafu kila mmoja unashika njia yake, na Brahmaputra inakwenda kutokea upande wa pili kabisa wa India. Indus wenyewe unakwenda kaskazini magharibi, unapita Ladakh chini ya mji wa Leh, pakavu sana pale, jangwa la baridi, kisha unaingia Baltistan penye mabarafu makubwa ya Karakoram, unauzunguka mlima Nanga Parbat wenye mita 8,126, ndipo unageuka kusini na kuanza kuteremka nchi tambarare. Jumla ni kama kilomita 3,180. Tana ambao ndio mrefu kuliko yote Kenya una kama 1,000, jipimie mwenyewe.

Sasa shikeni hili kwa sababu watu wengi hawalijui: sehemu kubwa ya maji ya Indus ni theluji na barafu inayoyeyuka juu kule, mvua ni ya kuongezea. Bonde la chini la Sindh, mkoa wa kusini wa Pakistan, ni karibu jangwa, mvua yake haba, bila huo mto hapana mtu angekaa pale. Ndiyo maana mto unajaa kuanzia Juni mpaka Septemba, jua likipiga milimani barafu inashuka, na wakati huo huo mvua za kusi zinafika. Na kusi ni huu huu wetu, upepo unaofunga bahari hapa kwetu ukawaweka wavuvi nyumbani ndio ukivuka ng'ambo unageuka mvua ya India na Pakistan. Vikikutana viwili hivyo vibaya basi ni mafuriko. Mwaka 2010 watu karibu milioni 20 waliathirika, na 2022 wakawa milioni 33 na waliokufa zaidi ya 1,700, Sindh ilikuwa bahari, mpunga na pamba zikaoza majini. Kwa hivyo ukiniuliza mkulima wa Sindh aogopa nini, nitakwambia mto kujaa aogopa vile vile kama mto kukauka.

Njiani unapokea mto Kabul kutoka Afghanistan pale Attock, na chini zaidi unapokea ile mitano ya Punjab iliyokwisha kuungana: Jhelum, Chenab, Ravi, Beas na Sutlej. Hiyo mitano ndiyo yenye ugomvi.

1947 Waingereza walipoondoka mpaka ulikatwa katikati ya mifereji. Milango ya kufungulia maji ikabaki upande wa India, mashamba yanayonywa maji hayo yakabaki Pakistan. Aprili 1948 India ikafunga baadhi ya mifereji kwa wiki kadhaa, msimu wa kupanda, na Pakistan haijasahau mpaka kesho. Wakavutana miaka, Benki ya Dunia ikaingia kati, na tarehe 19 Septemba 1960 Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistan wakatia sahihi Karachi. Mito mitatu ya mashariki, Ravi, Beas na Sutlej, ikawa ya India. Mitatu ya magharibi, Indus yenyewe, Jhelum na Chenab, ikawa ya Pakistan, na India ikaruhusiwa kuitumia kidogo kwa mambo maalum kama umeme lakini isiyazuie maji. Kwa hesabu ya maji Pakistan ilipata kama asilimia 80. Na wakapewa pesa za kuchimba mifereji mikubwa ya kuyahamisha maji kutoka mito ya magharibi kuyapeleka mashamba yaliyopoteza mito yake, na mabwawa mawili makubwa, Mangla na Tarbela. Mkataba huo ukavuka vita vya 1965, vya 1971 na vya 1999 na haukuguswa. Ndipo Aprili 2025 baada ya shambulio la Pahalgam kule Kashmir India ikatangaza kuusimamisha. Mwenye duka wako hapo hakusema uongo.

Lakini kusimamisha karatasi na kusimamisha maji ni mambo mawili. Ili uuzuie mto wa namna ile wataka bwawa la kuyahifadhi maji ya miezi minne, na India kwenye mito hii mitatu ya magharibi haina. Iliyo nayo, kama Baglihar na Salal kwenye Chenab, ni ya kupitisha maji kwenye mitambo ya umeme, yanahifadhi kidogo tu. Yaweza kufunga milango siku chache, mkulima wa chini akaona mfereji umeshuka ghafla, halafu bwawa likijaa hapana budi wafungue. Hilo nalo si dogo, ukimkatia mtu maji wiki anayopandikiza mpunga umemuumiza, na ukimfungulia kwa mpigo bila kumwambia umemuumiza zaidi. Ila kuukausha Indus, hapana. Labda baada ya miaka mingi ya kujenga.

MamaBiriani_Malindi

Mashallah mwalimu, hapo nimeona njia. Sasa mchele wangu mimi wanywa maji ya mto gani katika hiyo? Maanake umesema ugomvi ni wa Chenab, na mimi nilifikiri mchele watoka Sindh.

Mwalimu_Mstaafu

Swali zuri. Basmati halisi, ile ghali yenye harufu, yalimwa Punjab, baina ya Ravi na Chenab, kwa hivyo hiyo ndiyo yenye kuhusika na Chenab moja kwa moja. Huu wetu wa magunia, mrefu usio basmati, mwingi ni wa Sindh, Larkana na kando zake, na unanyweshwa na Indus wenyewe kupitia mifereji ya Sukkur na Guddu. Sukkur ni ukuta wa milango uliovuka mto mzima, ulifunguliwa 1932 wakati wa Waingereza, na mifereji inayotoka pale mengine ni mipana kuliko mito yetu. Na hapo Larkana ndipo jirani na Mohenjo-daro, mji wa matofali ya kuchoma wa tangu kama 2500 kabla ya Kristo, wenye mitaro ya maji machafu iliyofunikwa. Miaka elfu nne na nusu watu wanaishi kwa mto huo huo.

Mkachi_wa_Langoni

Mwalimu nimekusoma na nimefurahi lakini pale uliposema mto hauwezi kukaushwa niruhusu nibishe kidogo. Sisi asili yetu ni Kutch, India, wazee walikuja Lamu na majahazi kutoka Mandvi, duka letu lilikuwa Langoni. Kwetu Kutch kuna mji waitwa Lakhpat, ni ngome kubwa ya mawe, kuta zake zazunguka kilomita saba, na ndani leo watu ni wa kuhesabu. Zamani ilikuwa bandari. Tawi moja la Indus la mashariki lilikuwa likiingia hapo, mpunga ukilimwa, vyombo vikitia nanga. Karne ya 18 mtawala wa Sindh, Ghulam Shah Kalhora, aligombana na mfalme wa Kutch akalipiga tawi lile boma la udongo, maji yakakatika mashamba yakafa. Hakuwa na mashine wala saruji, udongo tu na watu! Halafu 1819 likaja tetemeko kubwa, ardhi ikainuka tuta refu kuvuka bonde lile, watu wakaliita Allah Bund, yaani boma alilolijenga Mungu mwenyewe, na hapo ndipo Lakhpat ikakatika moja kwa moja. Kwa hivyo mto kufungwa kwafungika, si wote lakini tawi lako wewe laweza kufungwa na wewe ndiye utakayehama. Anayekaa juu ana subira, anayekaa mwisho wa mto hana.

Mzee_wa_Melini_Amu

Huyu Mkachi asema kweli, na mimi nitaongeza la mwisho wa mto maana huko ndiko nlikofika. Nlifanya kazi melini miaka ya themanini, Karachi tukiingia sana. Watu hudhani Karachi iko juu ya Indus, la, iko pembeni magharibi, delta yenyewe yaanza ukitoka nje ya mji kwenda mashariki. Bandari nyengine waitayo Port Qasim hio iko ndani ya mkono wa bahari uliokuwa wa delta, na mchele wa MamaBiriani ukipakiwa huko meli yatoka imepita katikati ya mikoko.

Sasa mikoko ile mimi mtu wa Amu ilinishangaza. Kwetu ukiingia mkondo wa Mkanda utakuta mkoko, mkandaa, mui, mkomafi, mlilana, kila mti na kazi yake na kila boriti na jina lake, kule karibu yote ni mchu. Mchu mtupu, mfupi, umekaa kama vichaka, na ngamia wamo ndani wakila majani. Nkamuuliza baharia mmoja wa huko mbona mikoko yenu ni ya namna moja, akaniambia mengine imekufa, mai ya mto hayaji tena na mchu ndio ustahamilio chumvi. Kuna kuta za milango mpaka Kotri, ule wa mwisho, 1955, na chini ya hapo miezi mingi ya mwaka mto hauna mai ya kufika baharini. Delta ilikuwa na mikono kumi na saba, mto wenyewe sasa watumia mmoja. Mashamba ya Keti Bandar na Kharo Chan yaliyokuwa yakitoa mpunga mwekundu bahari imeyala, wakulima wakawa wavuvi na wengine wakahamia Karachi.

Na samaki wao, palla, yule huishi baharini akipanda mto kwenda kutaga, zamani akifika mbali sana juu, sasa agonga ukuta wa Kotri hapo hapo. Uvuvi wake nliuona: mvuvi alala kifudifudi juu ya chungu kikubwa, tumbo limeziba mdomo wa chungu, apiga miguu kama fundi wa kuogelea, wavu wa mti mrefu waenda chini mbele yake, samaki akiingia mvuvi ainua tumbo lake kidogo amtia ndani ya chungu alichokilalia. Sijaona akili kama ile pwani yoyote.

Kipini_Ozi

Mzee shikamoo. Ukiondoa ngamia umeeleza kwetu. Mimi ni wa Ozi, delta ya Tana. Kwetu mpunga haukuwa na pampu wala mfereji wa serikali, bamvua, yaani maji makuu ya bahari, likiingia bahari inausukuma mto nyuma, yale maji matamu ya juu yanapanda yanaingia shambani, unafungua kijitaro chako unaziba, kwisha, bahari ndiyo iliyokumwagilia lakini maji ni ya mto. Sasa mto umepungua nguvu, bamvua likija linaleta chumvi mpaka shambani, miembe ya babu yangu imekauka imesimama, migomba usiseme, watu wamewacha mpunga. Juu kule kuna mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, na yanaongelewa mengine. Hakuna India hapo wala Pakistan, ni Kenya na Kenya. Nani tutatia naye mkataba?

kijana_wa_Maweni

Pole sana kaka lakini mimi nitasema lisilopendwa. Pakistan ina watu zaidi ya milioni 240 na karibu chakula chote kinatoka kwenye mashamba ya kumwagilia. Wakiyaachia maji yaende baharini kwa ajili ya mchu na samaki hao watu wale nini? Hata mimi stima ya Kiambere naitumia kuchaji simu ninayoandikia. Maji yakifika baharini si yamepotea tu?

Kipini_Ozi

Yamepotea kwako uliye na mfereji wa maji ya bomba. Njoo Ozi ukae wiki moja unywe kisima chetu halafu uniulize tena.

Mzee_wa_Melini_Amu

Kijana, mai ya mto yaendayo baharini hayapotei. Yachukua mchanga na tope la kujenga nti, yazuia bahari isiingie, na kamba wote uwaonao Ngomeni na Kipini wazaliwa pale mai matamu na ya chumvi yanapokutana. Wewe uko Malindi, Sabaki ikishuka na tope yake si ufuo wenu wakuwa mpana? Ondoa Sabaki uone.

Mwalimu_Mstaafu

Mzee amenipunguzia kazi. Nimjibu kijana kwa hesabu nyengine, kwamba ugomvi wa Indus si wa India na Pakistan peke yake. Ndani ya Pakistan yenyewe Sindh inailaumu Punjab kila mwaka, Punjab iko juu na Sindh iko chini. 1991 mikoa yao ilikubaliana kugawana, na katika makubaliano yale walitaja kwamba lazima kuwe na maji yanayoachiwa yapite Kotri kwenda baharini, na kila mwaka wa kiangazi hayo ndiyo ya kwanza kukatwa. Halafu hayo maji yanayochukuliwa mengi yanapotea njiani, mifereji ni ya udongo, yanazama chini, maji ya chini yanapanda yakileta chumvi juu ya shamba, utakuta ardhi nyeupe pe haimei kitu. Kwa hivyo si kweli kwamba kila tone lililonyimwa delta limegeuka wali. Ila mikoko wameirudisha, hilo tuwape haki yao, serikali ya Sindh na wanavijiji wamepanda eneo kubwa sana na msitu umeongezeka, mpaka mkoko wenyewe wameurejesha pale palipokuwa na mchu tu.

Na Kipini, swali lako la mkataba nimelisoma. Ukiwa na nchi mbili kuna mahali pa kwenda kushtaki. Ukiwa na nchi moja mshtakiwa na hakimu wanakaa ofisi moja. Delta ya Tana imeandikwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya maeneo oevu, tangu 2012, angalau hiyo ni karatasi ya kushika mkononi mkienda kuzungumza.

Mkachi_wa_Langoni

Na tusisahau huyo wa juu kabisa. China ndiyo imekalia chimbuko, na haimo kwenye mkataba wowote wa 1960. India ikisema mwenye kukaa juu afanye apendavyo, basi nayo ina Brahmaputra inayotoka kwa China. Upanga huo una makali pande zote.

MamaBiriani_Malindi

Nawasoma nyote na chai imepoa. Sasa mwalimu nijibu la jikoni, ninunue au nisinunue? Nina harusi tatu kabla ya Ramadhani.

Mwalimu_Mstaafu

Dada, mpunga wa Sindh hupandwa Juni na Julai, huvunwa kuanzia Oktoba. Mchele unaoununua leo dukani ulishavunwa kitambo, hakuna mlango wa Baglihar utakaoufikia. Kitu kinachopandisha bei haraka mara nyingi si mto, ni amri. Julai 2023 India ilikataza kuuza nje mchele mweupe usio basmati, dunia nzima ikakimbilia Pakistan na Thailand, na sisi huku tukalipa, mpaka Septemba 2024 walipolegeza. Kwa hivyo tazama mambo mawili, mafuriko ya Agosti kule Sindh na matangazo ya biashara kutoka Delhi. Kwa harusi tatu nunua za harusi tatu. Usijaze chumba, fukusi nao wala biriani.

MamaBiriani_Malindi

Allah akubariki. Kesho nakwenda dukani nimwambie huyo bwana kuhusu Oktoba, nione atasema nini.

kijana_wa_Maweni

Atasema dola 😂

Ami Mzee wa Melini, hao wavuvi wa chungu, kuna mahali nilisikia mto huo una pomboo kipofu. Ni kweli au ni hadithi za mabaharia?

Mzee_wa_Melini_Amu

Ni kweli, wamwita bhulan. Mimi sikumuona kwa maana hakai delta, akaa juu, wengi wao baina ya kuta mbili za Guddu na Sukkur, zimemfungia hapo hana pa kwenda. Mto una tope jingi mno, macho hayana kazi, yakafifia yakabaki kama tundu la sindano, yeye husikiliza tu. Huogelea kwa ubavu, mkono wake mmoja wapapasa chini. Wamebaki kama elfu mbili. Mara nyengine hufuata mai huingia mfereji wa shamba, mfereji ukifungwa kusafishwa hukwama, na watu huja kumbeba na machela ya nguo mbichi wamrudishe mtoni.